Bei Ifuatayo Msimu: Maneno ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Nimepewa dakika chache kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo katika sherehe kubwa kama hii, nalo ni bei ya programu ya simu wanayotumia makarani wetu kuandikia pamba magulioni. Nimelichagua kwa kuwa lagusa mizani, na mizani ni miongoni mwa mambo yaliyouzaa ushirika katika nchi hii ya Ziwa.

Wazee walio hapa wanajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Jimbo la Ziwa alipeleka pamba yake kwa mnunuzi; mnunuzi akapima, mnunuzi akasoma, mnunuzi akaandika, na mkulima akapokea alichopewa. Wakulima walipoweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wafanyabiashara, ndipo umoja ulipopata miguu, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Meneja wake Mkuu alikuwa marehemu Paul Bomani. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Historia hiyo ni ndefu kuliko dakika zangu.

Basi leo mpimaji wetu ana simu mkononi. Akisha kupima huandika jina la mkulima, kilo zake, na kama pamba ni safi au fifi, na mkulima hupata ujumbe katika simu yake mwenyewe kabla hajaondoka mizanini. Pasipo na mtandao, kumbukumbu hukaa ndani ya simu mpaka karani afike penye mtandao. Kitu hiki hakikutengenezwa na kampuni kubwa ya ng’ambo. Kimetengenezwa na vijana wawili wa Mwanza, wenye chumba kimoja cha kupanga, na nawasifu mbele yenu bila ya kusita.

Walakini bei yao ilitutesa. Walitutoza shilingi 15,000 kila mwezi kwa kila jina la karani, mwaka mzima. Pamba, ndugu zangu, haijui mwaka mzima. Msimu wa ununuzi hufunguliwa mwezi Mei, na kwetu kufikia mwisho wa Agosti magulio yamekwisha kufagiwa. Miezi minane tulikuwa tukilipia simu zilizolala kabatini. Kwa magulio yetu 40 hiyo ilikuwa shilingi 7,200,000 kwa mwaka, na fedha hiyo yatoka katika ushuru ukatwao kwenye kilo zenu.

Tena kuna jambo la dhahabu. Karani kijana hufundishwa mwezi Aprili, na ifikapo Juni husikia kwamba duara fulani la Nyarugusu au Rwamagasa limetoa, naye huyoo, amekwenda. Simlaumu sana, mimi mwenyewe nilipomaliza shule ya sekondari nilikaa machimboni miezi mitano, nikarudi na vumbi tu. Lakini kila karani aliyekwenda alituachia jina lililolipiwa, na aliyeshika nafasi yake akahitaji jina jingine, nalo likalipiwa.

Hapa sina budi kusema kosa letu. Ili kukwepa gharama hiyo, chama kimoja cha msingi kiliwaachia makarani wanne kutumia jina moja, na mimi Katibu nilijua nikanyamaza. Mama mmoja, mjane, akaja ofisini na karatasi ya kilo 86. Katika programu hakuwa na hata kilo moja, kwani pamba yake ilikuwa imeandikwa kwa mtu mwingine. Kwa kuwa makarani wote wanne walikuwa jina moja, hatukuweza kujua ni nani aliyeandika wala lini. Alilipwa, lakini baada ya wiki tatu za kwenda na kurudi, na katika wiki hizo wapo kati yetu waliomtazama kama mwongo. Tulikuwa tumeirudisha ile mizani ya zamani kwa mikono yetu wenyewe.

Ndipo Bodi ikanituma Mwanza pamoja na mzee mmoja wa Kamati. Nilikwenda na nia ya kuomba punguzo, kama mtu aombavyo sokoni. Mzee akanizuia njiani. Tulipokaribishwa akamwuliza yule mkubwa wao, “Mwanangu, kuanzia Septemba hadi Aprili wewe wala nini?” Kijana akacheka, kisha akatueleza kwa adabu. “Mzee, daftari zenu zimo katika kompyuta tuliyoikodi, na kodi yake hulipwa kila mwezi, pamba iwepo isiwepo. Nikiwafungia mwezi Septemba, mwezi Oktoba mtaniuliza mkulima fulani aliuza kilo ngapi.”

Neno hilo lilinifungua macho. Sikuomba tena punguzo. Niliomba bei ya namna mbili: moja ya miezi minne ya kazi, na nyingine ndogo ya miezi minane ya kuhifadhi daftari tu. Tena niliomba tulipie gulio, si jina la mtu, ili kila karani awe na jina lake hata wakibadilishana mara tano.

Kijana akatoa shauri jingine kwanza, nalo lilikuwa tamu. Alisema tungepata programu bure kabisa, tukiruhusu wauza pembejeo na wakopeshaji wapewe majina ya wakulima, namba za simu na kilo zao. Nilikataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya jambo hilo. Lakini hata isingekuwapo, nani kati yenu angependa mkopeshaji ajue kilo zake na siku ya malipo, aje kumngojea mlangoni? Kijana hakukasirika. Alisema wengine humwomba afanye hivyo.

Tukapatana hivi. Miezi ya msimu gulio litalipa shilingi 18,000 kwa mwezi, na miezi mingine shilingi 2,000. Kwa mwaka ni shilingi 88,000 kila gulio, na kwa magulio 40 ni shilingi 3,520,000. Najua wapo watakaosema Katibu ameongezwa shilingi 3,000 kwa mwezi akafurahi. Hesabu ni hiyo, ipigeni wenyewe. Nasi tumekubali kuwafundisha makarani wetu wenyewe, maana safari za vijana wale kuja huku ndizo zilizokuwa zikiwala.

Limebaki sharti moja, nalo ni gumu. Wataka nusu ya fedha, yaani shilingi 1,760,000, kabla ya mwisho wa Aprili, ili walipie kompyuta na kutengeneza mapema makosa tuliyowaonyesha. Nasi Aprili hatuna kitu, ushuru haujaingia. Njia niionayo ni kutenga fedha hiyo sasa katika salio la msimu uliopita, na Bodi haiwezi kufanya hivyo bila ya Mkutano Mkuu. Nakala za mkataba zipo mezani kwa Mweka Hazina, kwa Kiswahili, kurasa tatu. Naomba kila mjumbe achukue moja, aisome pamoja na wenzake gulioni, kisha mje Mkutano Mkuu na kura zenu.