Shamba Lililoachwa Mlimani
Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C (Lk 13:1-9)



Injili ya leo yatuonyesha mtunza shamba akiuombea mtini usiozaa. Nami nakumbuka shamba jingine.

Nchini Ujerumani, kando ya mto Mosel, katika kijiji cha Bremm, uko mlima uitwao Calmont. Mashamba yake ya mizabibu ni miongoni mwa yale yenye mteremko mkali kuliko yote Ulaya; trekta haipandi huko. Mizabibu ya Riesling imekita mizizi kati ya mawe meusi bapa, ambayo hupokea joto la jua mchana na kulirudisha usiku, hata zabibu zake zinazochelewa kuiva zikapata kuiva katika nchi ya baridi. Mwaka 1787 Askofu Mkuu Clemens Wenzeslaus wa Trier aliamuru mizabibu duni ing'olewe, ipandwe iliyo bora. (Naam, hata maaskofu wamewahi kutoa amri juu ya zabibu!) Lakini katika karne ya 20 sehemu kubwa ya mlima ule iliachwa. Kazi ilikuwa ngumu na faida haba. Wazee wakachoka, watoto wakaenda mjini, miiba ikatawala.

Baadaye wakaja vijana wa kuyafufua mashamba hayo. Mfikirieni mmoja wao. Anafyeka miiba, anainua kuta zilizobomoka, jiwe juu ya jiwe bila saruji, anapogoa mzabibu mkongwe hata ukafanana na kisiki. Ninyi wakulima wa Dodoma mwavuna mara mbili kwa mwaka. Kule ni mara moja tu, na mche mpya hungojewa yapata miaka mitatu. Jirani akimwuliza faida iko wapi, hana cha kumwonyesha ila michubuko ya mikono.

Nami naungama jambo. Nilipokuwa paroko kijana niliazimia kukifunga kigango kimoja. Waliobaki kusali walikuwa akina mama wanne na mzee mmoja. Katekista akaniambia, "Padre, niachie hadi Pasaka ijayo." Sikumsadiki, nilikubali kwa kuepa ubishi tu. Kila Jumamosi alikwenda kwa miguu, akafagia, akapita nyumba kwa nyumba.

Luka hatuambii kama mtini ule ulizaa. Pasaka ilipofika, kigangoni walikuwa saba. Kwangu walikuwa wachache. Katekista aliwataja wote kwa majina, kisha akaomba mwaka mwingine.