Tunda Litokalo Sokoni



 

Katika Surat Abasa mwanadamu anaamrishwa akitazame chakula chake. Twajua kwamba aya zile zatukumbusha uwezo wa Muumba, ateremshaye mvua na kuotesha nafaka na matunda. Lakini hatukosei tukianza kutazama huko jikoni mwetu.

Twarudi sokoni na kikapu cha maembe, machungwa na tikiti. Embe lile limepita mikononi mwa mchumaji, mchukuzi na mchuuzi, na wateja wangapi wamelibonyeza wakaliacha! Tikiti nalo limelala juu ya udongo. Tufikapo nyumbani twasema, "Hili lina ganda, la nini kuliosha?" Hapo ndipo tunapojidanganya. Kisu kinachopasua ganda chafu huupeleka uchafu ule ndani ya nyama ya tunda. Basi na lioshwe kabla ya kumenywa au kukatwa, hata kama ganda litatupwa.

Tena kuosha si kuchovya. Katika beseni moja tunda la kwanza hulichafua la mwisho. Yatakiwa maji yapitayo, ya bomba au ya kata, na mkono uliokwisha kuoshwa usugue. Ganda gumu lisuguliwe kwa brashi. Sabuni tusiitie, kwani tunda huweza kuinyonya. Sisi tutawadhao kila siku hatuna udhuru wa kutojua namna ya kupitisha maji, wala ya kuyatumia bila israfu.

Zito zaidi ni maji yenyewe. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilienea Bara na Visiwani, na wagonjwa wakapindukia 20,000. Viini vyake huingia mwilini kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kwa hiyo maji ya kisima tusichokiamini yachemshwe, yapoe, ndipo yaoshe tunda. Vinginevyo twalipaka maradhi kwa mikono yetu, kisha twampa mtoto.

Na tunda ambalo mchuuzi amekwisha kulikata, likatuliwa na nzi, kuliosha hakulitakasi. Tuliache.

Wakati wa Ramadhani tuzidi kuangalia. Tikiti la futari lisikatwe adhuhuri likangojea magharibi katika joto. Lioshwe na kukatwa karibu na adhana, na lifunikwe kwa kawa.