Koki haishiki kutu, je, anayeishika?

Ndugu wasikilizaji, mvua za masika zinapoanza kumwagika Kyela, mkulima wa mpunga hushukuru na mvuvi wa Matema hutazama mito. Kyela ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi sana nchini. Maji ya milima ya Rungwe na Ileje huteremka kwa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, hujaa mashambani, kisha huingia Ziwa Nyasa. Wakati huo huo samaki aina ya mbasa hutoka ziwani na kupanda mito kwenda kutaga.

Lakini mvua haibagui. Ile ile inayojaza majaruba hujaza pia mabwawa ya maji machafu ya migodi na viwanda. Ndiyo maana wiki hii tunazungumzia kitu kidogo ambacho wananchi wengi hawajapata kukitazama, nacho ni koki iliyopo kati ya bwawa la maji machafu na mto.

Ukanda huu una mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni makaa ya mawe ya Kiwira, mgodi uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988. La pili liko ng'ambo ya mpaka, nalo ni mgodi wa urani wa Kayelekera, magharibi ya mji wa Karonga nchini Malawi. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 2009, ukasimamishwa mwaka 2014 baada ya bei ya urani kuanguka, na ukaanza tena kuzalisha mwaka 2025. Maji ya eneo lake hufuata kijito cha Sere, huingia Mto Rukuru Kaskazini, na mwisho wake ni ziwa hili hili tunalovua sisi.

Kwa nini koki iwe jambo la kujadiliwa? Kwa sababu ya tindikali. Mawe yenye salfa, yakichimbwa na kukutana na hewa na maji, huweza kutoa tindikali. Aidha, huko Kayelekera tindikali ya salfa hutumika kiwandani kuitoa urani katika mawe. Maji ya namna hiyo yakipita katika koki ya chuma cha kawaida, huila polepole mpaka ikakataa kufunga. Hata chuma cha pua, ambacho wengi hudhani hakishindwi, hutobolewa na maji yenye chumvi nyingi. Koki iliyoliwa hutonesha mchana na usiku, na hakuna anayejua mpaka samaki waelee.

Hapo ndipo mafundi walipogeukia plastiki. Koki inayozungumzwa siku hizi ina tufe ndani yake, na tufe hilo limetobolewa katikati. Tundu likielekea bomba, maji hupita. Tufe likizungushwa robo mzunguko, ubavu wake huziba njia. Tufe na mwili wa koki hutengenezwa kwa plastiki ngumu, ndugu ya ile ya mabomba ya maji tuliyozoea, na juu yake hufungwa mota ndogo ya umeme. Mtu aliye ofisini, au kipimo kilichotumbukizwa majini, huiamuru ifunge au ifungue. Mfanyakazi halazimiki kusogelea tindikali na kupambana na gurudumu lililoshika kutu.

Ni kifaa kizuri, na mwenye kiwanda akikinunua anastahili sifa. Hata hivyo, plastiki nayo ina mipaka yake. Ile ya kawaida ya mabomba haitakiwi kupitisha maji ya moto kupita nyuzi 60 za Sentigredi, na kadiri joto linavyopanda ndivyo nguvu yake ya kuhimili msukumo inavyopungua. Jua la miaka mingi huifanya iwe kavu na rahisi kupasuka. Mchanga ukipita ndani kila siku hukwaruza tufe na mipira inayolibana, na koki huanza kuvuja. Kwa hiyo koki isiyoshika kutu bado inahitaji kivuli, chujio mbele yake, na fundi wa kuikagua.

Lakini swali kubwa kuliko yote ni umeme. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Mota ya kawaida ya koki, umeme ukikatika, husimama pale pale ilipofika. Kama koki ilikuwa wazi, itabaki wazi. Sasa sote tunajua umeme hupenda kukatika lini: ni wakati wa radi, upepo na mvua kubwa. Yaani saa ile bwawa linapofurika, saa ile mto unapokuwa na nguvu ya kubeba kila kitu hadi ziwani, ndiyo saa mlinzi wetu wa plastiki anapolala.

Dawa ipo na si ya ajabu. Zipo mota zenye springi au betri, ambazo umeme ukikatika huirudisha koki yenyewe katika hali iliyochaguliwa. Upande wa mto, hali hiyo iwe ni kufunga, na maji yaelekezwe kwenye bwawa la akiba lenye nafasi ya kutosha. Pia kuwe na mkono wa kuizungusha bila umeme, na mtu wa zamu anayejua ulipo. Mota ya namna hiyo ina bei kubwa zaidi, na ndiyo sababu ni rahisi kwa mnunuzi kuiruka.

Wapo watakaosema natia watu hofu bure. Basi tutazame yaliyokwisha kutokea. Mwezi Januari 2015 mvua kubwa ilinyesha Kayelekera, na utando wa plastiki uliotandikwa ndani ya tangi la kupokea maji ya mtambo ukachanika. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa hadi meta 50 za ujazo huenda zilivuka kingo za kuzuia maji. Wakati huo mgodi ulikuwa umesimama, hauchimbi hata jiwe moja. Mvua haikujali hilo.

Nyumbani kwetu tuna mfano wa Tarime. Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yaliingia katika Mto Tigithe. Wenye mgodi walieleza kuwa plastiki iliyotandikwa bwawani ilikuwa imeibwa. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu. Plastiki ile haikushindwa na kutu. Ilikosa ulinzi.

Na sisi wa Nyasa tuna sababu ya kuogopa zaidi. Mto uliochafuka huweza kujisafisha kwa mvua za misimu kadhaa. Ziwa Nyasa lina kina cha meta 700 hivi, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Shire kule kusini kabisa. Maji yake mengi hupotea kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauondoki na madini wala sumu. Kinachoingia Kyela leo kitakaa na wajukuu zetu. Humo ndimo wamo usipa, mbasa, na mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Isitoshe, wako watu wa mwambao wanaochota maji humo humo ya kunywa.

Simwambii mwenye mgodi afunge kazi. Vijana wa Kyela, Ileje na Karonga wanahitaji ajira, na nchi inahitaji makaa na mapato. Tunachodai ni kujua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu mwaka 2004, na ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji tangu mwaka 2009. Kumwaga maji machafu mtoni kunahitaji kibali. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu, si mbali. Tena Tanzania na Malawi zina tume ya pamoja ya bonde la Mto Songwe, kwa hiyo njia ya kuzungumza na jirani tayari imefunguliwa.

Basi viongozi wa vijiji vilivyo chini ya mto wasiogope kuuliza mambo matatu. Koki ya bwawa imetengenezwa kwa nini, na ilikaguliwa lini? Umeme ukikatika, inafunga au inabaki wazi? Na kila inapofunguliwa, nani anaandika tarehe, saa na hali ya maji, na daftari hilo mwananchi ataliona wapi? Wakati mbasa wanapanda na majaruba yamejaa, kijiji kipewe habari kabla maji hayajaachiwa, si baada ya kufika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa ziwa haujengeki, ndugu wasikilizaji. Masika haya, kabla bwawa halijajaa, mtu mmoja aende akazime umeme kwa makusudi na kuitazama ile koki inafanya nini.