MTI WA KIMO GANI KWA KIWANJA CHAKO?

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wenye bustani wa Thika na Ruiru.)



Nia yangu ni kuzungumza juu ya kipimo: kipimo cha ua na kipimo cha mti, na jinsi ya kuvilinganisha na nafasi tuliyo nayo. Huenda mtu akadhani kuwa hili ni jambo la watu wenye wasaa tu. Lakini nitawaonyesha ya kwamba ni jambo la fedha, na tena ni jambo la ujirani mwema.

Zamani nchi yetu hii, kutoka Ruiru kupita Juja mpaka Thika, ilijaa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Aliyepanda mti katika shamba kama hilo hakuhesabu hatua. Bibi Elspeth Huxley alipotoa mwaka 1959 kitabu chake juu ya maisha ya utotoni mwake Thika, alikipa jina la miti yenye maua mekundu kama moto, yaani vibobakasi. Mti huo hufikia mita 20 na zaidi, na matawi yake huvunjika upesi kwa upepo mkali. Katika shamba la mamia ya ekari tawi likianguka halimdhuru mtu. Lakini leo mashamba mengi yamekatwa vipande vipande, na wengi wetu tuna kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho hakitimii hata thumuni ya ekari. Ukiisha kuondoa nyumba, njia ya gari, tangi la maji na shimo la maji machafu, mahali panapobaki pa kupanda ni padogo sana. Basi mahali padogo pataka akili zaidi kuliko mahali pakubwa.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Nilipojenga nyumba nilinunua mche wa mparachichi uliokuwa na kimo cha goti langu, nikaupanda hatua tatu kutoka ukuta wa mpaka. Nikajiona nimeacha nafasi tele. Mwaka wa kwanza jirani yangu aliniambia kwa upole, "Mzee, mti huo utakuwa mkubwa." Nilimjibu kwamba nitaukata ukizidi. Mti ulipoanza kuzaa vizuri, matawi yake yalikuwa juu ya mabati ya jirani, maparachichi yakimwangukia usiku, na ukuta ulikuwa na ufa mrefu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta kweli, kwa fedha zangu, na mti niliukata ukiwa umebeba matunda. Watoto wangu walisimama kimya wakitazama. Siku ile nilifahamu ya kuwa kosa halikuwa la mti. Mti ulifanya kazi yake ya kukua. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilipima mche, wala sikupima mti.

Hilo ndilo neno langu kubwa leo: usinunue mmea kwa kimo ulicho nacho kitaluni, bali kwa kimo na upana utakaokuwa nao ukiisha komaa.

Chukueni mfano wa ua liitwalo haidranjia. Iko aina moja, ambayo kwao asili ni China na Japani, yenye mashada yaliyochongoka kama pia. Wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani wamezalisha namna nyingi za aina hiyo. Ile iitwayo Limelight hupita mita 2 kwa kimo, na upana wake hukaribia kimo chake. Ndugu yake aitwaye Little Lime hukomea kati ya mita 1 na mita 1 na nusu. Yuko na mwingine, Bobo, ambaye kwa kawaida hafiki hata mita 1. Zikiwa bado changa katika mifuko ya kitalu, zote tatu zaweza kulingana, na mnunuzi asiyeuliza hawezi kuzitofautisha. Aina hiyo hupendelea nchi zenye majira ya baridi kali, kwa hiyo siwashauri mwitafute. Huku kwetu iliyo ya kawaida ni ile yenye maua ya mviringo kama mpira. Katika udongo mwekundu wenye uchachu, kama huu wetu, maua yake huwa ya buluu, na penye chokaa nyingi huwa ya waridi. Hutaka maji mengi na kivuli cha alasiri, nayo huwa kichaka chenye upana wa mita 1 na nusu hivi. Basi usiipande nusu mita kutoka mlangoni, ukaja kulowa umande kila asubuhi utokapo.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi, kwa maana ushahidi mkubwa kupita wote uko hapa Ruiru. Kahawa yetu ya zamani, kama ile ya SL28, ni mti mrefu, na desturi ilikuwa kuipanda kwa futi 9 kila upande, ndiyo kusema miti kama 1,330 katika hekta moja. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina mpya, Ruiru 11, ambayo ni fupi na yenye kushikamana, tena hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa kuwa ni fupi, yaweza kupandwa kwa mita 2 kila upande, na hekta ile ile ikachukua miti 2,500. Angalieni hekima ya wataalamu wale. Hawakuchukua mti mrefu wakahangaika kuukata kila mwaka. Walitafuta mti ambao ufupi umo katika asili yake. Tena msidhani kwamba kifupi ndicho bora daima, kwani mwaka 2010 kituo hicho kilitoa aina nyingine, Batian, ambayo ni ndefu. Kila mmoja na achague kwa kadiri ya shamba lake.

Sasa nitawapa njia ya kupima, ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Kwanza, muulize mwenye kitalu upana wa mmea huo ukiisha komaa. Akisema mita 4, chomeka kigingi mahali unapotaka kupanda, funga kamba yenye urefu wa mita 2, yaani nusu ya upana ule, kisha uzunguke ukichora duara chini. Duara hilo ndilo mti wenyewe. Likigusa ukuta, au dirisha, au njia, au shimo la maji machafu, basi sogeza kigingi. Ikiwa hakuna pa kusogeza, chagua mmea mdogo zaidi. Pili, tazama juu. Kama waya za umeme zimepita hapo, usipande mti mrefu kamwe. Tatu, uliza urefu wa mti, uulinganishe na upana wa kiwanja. Mukima, ule mti kutoka Australia tulioupanda kuitia kahawa kivuli na mipakani, hupita mita 20. Kiwanja cha futi 50 kina upana wa mita 15 tu. Je, siku mti huo ukianguka kwa upande, utalala wapi kama si kwa jirani?

Vivyo hivyo na miti ya matunda. Makadamia, ambayo Bwana Bob Harries aliileta karibu na Thika mwaka 1946, hutaka mita 10 hivi kutoka mti hadi mti. Mparachichi hutaka mita 7 au zaidi, na aina ya Fuerte hutanuka kupita Hass. Mwenye ekari mbili aweza kuipanda kwa furaha. Mwenye kiwanja kimoja, kama ana pembe iliyo wazi, na apande mti mmoja tu, si mitatu. Mahali pengine papendezwe kwa miti ya kiasi: mlimau, ambao hutosheka na mita 4 au 5, mkomamanga, na mpapai usiokuwa na matawi mapana. Karibu na dirisha, waridi na asumini hupendeza.

Najua wengine watasema kama nilivyosema mimi, "Nitaukata ukizidi." Ni kweli, kupogoa kuna faida yake, na mukima hustahimili sana kupunguzwa matawi, nasi hupata kuni. Lakini mmea mkubwa hauwi mdogo kwa panga. Ukikata leo, utachipua kesho kwa nguvu zaidi, nawe utakuwa mtumwa wake. Tena haidranjia yetu ya maua ya mviringo hutoa maua yake zaidi katika matawi yaliyokua msimu uliopita, kwa hiyo ukiikata sana ili ikae padogo, utabaki na majani matupu. Utakuwa umelipia maua na kuvuna majani.

Neno la mwisho ni juu ya subira. Ukipanda kwa kipimo, mwaka wa kwanza bustani itaonekana tupu, na wapita njia watauliza kwa nini umeacha mapengo. Usione haya, wala usiongeze miche. Jaza mapengo hayo kwa maharagwe, sukuma wiki au vitunguu. Utakula mboga miaka miwili au mitatu, na miti itakapohitaji mahali pake utaipa.

Basi, kabla mvua za masika hazijaanza mwezi wa Machi, kila mmoja wenu na atoke nje na kamba yake na kigingi chake. Tena mwiteni na jirani aje kutazama mahali mnapotaka kupanda karibu na mpaka, kwa maana neno moja la jirani mbele ya mche hugharimu kidogo kuliko maneno mengi mbele ya ukuta uliopasuka. Mimi niliambiwa, sikusikia. Nyinyi mmesikia.

Mungu atujalie mvua njema.