Kutembeza wageni mjini kwa siku moja

Msikilizaji wa Mbagala, Tandika au Tandale, umepokea wageni kutoka mkoani na wanataka kuuona mji? Usianzie kwenye maduka makubwa, mtamaliza hela kabla ya mchana. Anzieni Posta asubuhi, jua halijawa kali. Sanamu ya Askari ipo pale tangu 1927, na kuitazama ni bure.

Tembeeni hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Bebeni vitambulisho, maana Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Humo mtakuta habari za Zinjanthropus, fuvu alilogundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Watoto wakiganda kwenye yale magego yake makubwa, msiwakimbize. Ndicho mlichofuata.

Mchana shukeni Feri. Samaki wa kukaanga wapo, ila ulizeni bei kabla hawajawekwa kwenye sahani. Wenye sura ya ugeni huuziwa kigeni. Kisha pandeni pantoni la Magogoni, mwende Kigamboni na kurudi. Kwa nauli ndogo mnauona mji wote kutoka majini.

Nauli ya kurudi nyumbani itengeni mapema, na muondoke kabla ya saa 10 jioni. Baada ya hapo, daladala za Mbagala watu hupandia madirishani.