Injini Inayokohoa: Mazungumzo kwa Wenye Motokaa za Zamani

Wasikilizaji wangu, leo nitasema nanyi habari za ugonjwa mmoja wa motokaa za zamani, ugonjwa ambao hutibiwa mara nyingi na kila mara hurudi. Nao ni huu: injini kupata hewa nyingi na petroli kidogo.

Yapasa tujue kwanza kwamba injini haili petroli peke yake. Kila ratili moja ya petroli huhitaji karibu ratili 15 za hewa ili iungue sawasawa. Petroli ikipungua mno, mchanganyiko huo huungua polepole, hata vali ya kuingizia ifungukapo tena, moto ungali haujazimika. Ndipo injini hukohoa na kurudisha moto katika kabureta. Nguvu hupungua, joto huzidi, na ncha za plagi huwa nyeupe badala ya rangi ya udongo. Mwenye motokaa akipuuza dalili hizi, siku moja atakuta vali zimeungua.

Sasa nitawaeleza jambo lililotukia Mkula, katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Bwana mmoja huko alikuwa na Land Rover ya zamani ya petroli, yenye mtambo wa kusaidia breki. Majirani waliitegemea sana, kwa maana usiku, mtu akiugua, hiyo ndiyo iliyompeleka hospitali. Usiku mmoja ilizimika njiani, na ndani yake yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kwa rehema za Mungu ikawaka tena, wakafika salama. Lakini tangu siku ile bwana yule hakuiamini tena.

Fundi wa kwanza alisema, "Ni kimo cha nchi." Akabadili jeti ya kabureta, akatia kubwa zaidi. Neno hilo si sawa. Ziwa la Viktoria liko kama mita 1,130 juu ya bahari, na huko hewa imepungua uzito karibu sehemu moja katika kumi kuliko pwani. Hewa ikipungua uzito, kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli ya kuzidi, wala si ya kupungua. Basi kimo hakikuwa na kosa. Fundi wa pili aliuza kabureta nyingine nzima. Fedha zilikwenda, na kikohozi kikabaki.

Nilipoitazama, sikufungua kitu. Niliuliza tu: "Bwana, husumbua wakati gani?" Akajibu, "Ikisimama na kuzunguka polepole, hutetemeka. Nikienda mbio, hutulia. Na nikikanyaga breki, hutaka kuzimika."

Wasikilizaji, jawabu lote lilikuwa katika maneno hayo. Ikiwa injini husumbua hasa inapozunguka polepole, na hutulia inapokwenda mbio, shuku kwamba hewa inaingia mahali isipotakiwa. Tundu dogo huingiza hewa ya kutosha kuiharibu injini iliyo katika pumziko, lakini injini inayovuta hewa nyingi haitambui sana tundu hilo. Ikiwa ni kinyume chake, yaani hutulia katika pumziko na kukata tamaa mlimani au chini ya mzigo, shuku kwamba petroli haifiki. Tazama chujio, na bakuli la pampu, na vumbi lililozama humo. Legeza na kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikiingia kwa mvumo, na injini ikapata nguvu, tundu la kupumulia la tangi limeziba.

Ukitaka kuhakikisha kwamba petroli ndiyo iliyopungua, vuta choki kidogo injini ikiwa imekwisha kupata moto. Ikitengemaa, mchanganyiko ulikuwa haba. Ikizidi kuharibika, tafuta kosa penginepo, labda katika umeme wa plagi.

Katika Land Rover ile, nilichomoa mpira unaotoka katika bomba la kuingizia hewa kwenda kwenye mtambo wa breki, nikaziba kinywa cha bomba kwa kipande cha mti. Mara injini ikatulia. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali jicho lisipofika. Mpira mpya ulifungwa, na jeti ya kwanza ikarudishwa mahali pake. Lakini angalieni: jaribio hili hufanywa motokaa ikiwa imesimama tu, kwa sababu bila mpira huo breki huwa nzito sana.

Kama mipira yote ni mizima, dondosha mafuta ya injini, tone moja moja, penye viungo vya kabureta na vya bomba, injini ikizunguka na kabla haijapata moto sana. Mwendo ukibadilika, hapo ndipo penye ufa. Msitumie petroli kwa kazi hii kamwe, wala msikaribishe sigara.

Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Basi kabla hamjanunua kitu, iulizeni injini husumbua wakati gani. Huko Mkula, mpira mmoja tu ulitosha kuiponya motokaa iliyokuwa tegemeo la wagonjwa.

Kwa herini, wasikilizaji wangu.