Ghala la Picha na Maandishi Lisilokula Umeme Mwingi

Kila mtu awe na kalamu na daftari, maana leo tuna hesabu. Mwalimu wa darasa na asimame karibu na ubao.

Somo la leo ni juu ya kuchagua ghala la nyumbani. Sisemi ghala la mahindi. Nasema kisanduku chenye diski ndani yake, kinachounganishwa kwa waya na rauta ya nyumbani. Baba ana simu yake, mama ana yake, na watoto wana kompyuta. Wote huweka picha na maandishi yao humo, na wote huyapata humo. Hata bando la intaneti likiisha kisanduku hufanya kazi, kwa sababu mambo hayo hupita ndani ya nyumba tu.

Kwa nini mtu atafute kitu hiki? Fikirini juu ya simu zenu. Humo mna picha za harusi, sauti ya bibi aliyekwisha kufariki, picha ya hati ya shamba, na vyeti vya shule vya watoto. Simu hiyo ikiangukia majini au ikiibwa, vyote vimekwenda. Simu nyingine utanunua, lakini sauti ya bibi hainunuliwi.

Haya, tuanze na ukubwa. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza iliyotumia diski za namna hii. Ilikuwa na diski 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wake ulizidi tani 1. Iliweza kuweka herufi milioni 5. Leo diski inayoenea kiganjani huweka terabaiti 2, yaani karibu mara 400,000 ya mashine ile.

Picha moja ya simu huchukua kiasi cha megabaiti 4. Terabaiti 1 ni megabaiti milioni 1. Gawanyeni milioni 1 kwa 4. Mmepata 250,000. Ndiyo kusema terabaiti 1 huingia picha 250,000. Basi muuza duka akikuambia kwamba huna budi kununua kisanduku cha diski nne, mwulize, "Za kazi gani?" Kila diski ya ziada ni mdomo mwingine wa kula umeme.

Sasa tuje kwenye umeme. Pasi hutumia umeme mwingi, lakini baada ya nusu saa tunaizima. Ghala hili halizimwi. Ni kama bomba linalovuja: tone ni dogo, lakini asubuhi ndoo imejaa.

Andikeni hesabu hii. Uniti 1 ya umeme ni wati 1,000 kwa muda wa saa 1. Mtu mmoja ameweka kisanduku cha wati 10. Wati 10 mara saa 24 ni 240 kwa siku. Zidisha mara siku 365, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti 87.6 kwa mwaka.

Jirani yake amechukua kompyuta kuukuu ya mezani aliyopewa bure, nayo inatumia wati 60 mchana na usiku. Hesabu ni ile ile. Jibu lake ni uniti 525.6. Tofauti yao ni uniti 438 kila mwaka. Sasa kila mmoja atazame risiti yake ya LUKU au ya tokeni, aone bei ya uniti moja, kisha azidishe mara 438. Hapo mtaona kwamba kile cha bure kina bei yake.

Tutachaguaje, basi? Shikeni mambo matatu.

La kwanza, diski yenyewe. Diski kubwa ya inchi 3.5 ikizunguka hutumia kiasi cha wati 4 hadi 8. Ndogo ya inchi 2.5 hutumia kiasi cha wati 1 hadi 2. Diski kubwa huwekwa vitu vingi zaidi kwa bei nafuu. Ile ndogo yafaa nyumba isiyo na vitu vingi.

La pili, kompyuta inayoiendesha. Kuna vibao vidogo vinavyotosha kazi hii. Raspberry Pi 4, iliyotolewa mwaka 2019, hutumia kiasi cha wati 3 ikiwa imetulia. Lakini angalieni: diski ya inchi 3.5 haipati nguvu ya kutosha kwenye kibao hicho. Ni lazima iwe na chaja yake yenyewe.

La tatu, kupumzika. Kisanduku kizuri huweza kuambiwa kisimamishe diski ikiwa haitumiki. Msiweke muda mfupi mno, kwa maana kusimama na kuanza kila mara huichosha diski. Dakika 30 si vibaya.

Na namba iliyoandikwa kwenye chaja isiwadanganye. Hiyo ni kikomo chake, si matumizi ya kila saa. Atakaye kujua kweli apime kwa kipimo cha wati kinachochomekwa ukutani.

Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, maandishi yaweza kuharibika. Kwa hiyo wekeni betri ya akiba. Hapa pia wati chache zina faida: betri ile ile itakiwasha kisanduku cha wati 10 muda mrefu kuliko kompyuta ya wati 60. Tena kisanduku kinataka hewa. Msikifunike kwa kitambaa cha kudarizi kama tulivyozoea kuifunika redio.

Sasa nasema jambo kubwa kuliko yote. Watu wengi huweka diski mbili zenye vitu vile vile, wakadhani wamekwisha salimika. Diski moja ikifa, kweli, ya pili inabaki. Lakini mtoto akifuta picha kwa makosa, zimefutika katika zote mbili. Mwizi akichukua kisanduku, amechukua zote mbili. Moto vivyo hivyo. Kwa hiyo pesa mliyookoa kwenye umeme, nunueni diski nyingine. Wekeni nakala humo, kisha ipelekeni kwa shangazi au kwa kaka, nyumba nyingine kabisa. Kila mwisho wa mwezi ileteni, mwongeze mapya, mwirudishe.

Na neno la siri lililokuja na kisanduku libadilisheni siku ile ile ya kwanza.

Maswali ya darasa:
1. Kisanduku cha wati 15 kitatumia uniti ngapi kwa mwaka?
2. Kwa nini diski mbili ndani ya kisanduku kimoja hazitoshi?
3. Nyumbani kwako, ni kitu gani kilichomo katika simu ambacho hakinunuliki tena? Kiandike jina lake.

Jibu la swali la kwanza ni uniti 131.4. La tatu kila mtu ana jibu lake, na aanze na hilo kuweka nakala.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.